Mbele, nyuma, ndani, nje: mwongozo wa vivumishi vya Kiitaliano vya kueleza mahali mwilini

Mwaka wangu wa kwanza wa ukalimani kwa wageni wa Kiitaliano, bibi mmoja aliteleza kwenye ngazi za nyumba aliyopanga Watamu. Akaniambia: *Mi fa male la gamba, qui, sotto il ginocchio, sul lato esterno*, yaani panamuuma hapa, chini ya goti, upande wa nje. Nikamgeukia daktari nikasema, "Anaumwa mguu." Daktari akamvua kiatu, akaanza kumbonyeza unyayo. Yule bibi alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyeleta sukari badala ya chumvi.

Kosa lilikuwa langu, tena mara mbili. Kwanza, *gamba* si mguu wetu unaoanzia nyongani hadi vidoleni. Mwanaanatomia wa Kiitaliano akisema *gamba* anamaanisha goti hadi kifundo tu. Paja ni *coscia*, na kuanzia kifundo kwenda chini ni *piede*. Vivyo hivyo *braccio* ni bega hadi kiwiko, *avambraccio* ni kiwiko hadi kifundo cha mkono, na *mano* ni kilichobaki. Pili, nilikimeza kivumishi. *Esterno* ndilo neno lililobeba habari nzima, kwa sababu mfupa mwembamba wa upande wa nje wa muundi ndio uliokuwa na shida.

Mwongozo huu ni wa watu walio pale nilipokuwa siku ile: anayejiandaa kwenda kusomea uuguzi, udaktari au tiba ya mifugo Italia, anayehudumia wazee huko, mkalimani wa Malindi au Zanzibar, au mfanyakazi wa hospitali inayopokea madaktari wa Kiitaliano, kama Tosamaganga kule Iringa ambako shirika la Cuamm la Padova limefanya kazi miaka mingi. Nachukulia kwamba unajua Kiitaliano cha kuombea maji na kuulizia njia. Vivumishi vyenyewe si vingi. Ukivisoma kama orodha vitakuchanganya, ila ukivisoma kwa jozi, ukigusa mwili wako na kukitamka kila kimoja pamoja na nomino yake, mwezi mmoja unatosha.

Hatua ya 1: Simama wima

Usifungue kamusi bado. Simama miguu sambamba, uso mbele, mikono ikining'inia pembeni, viganja vikitazama mbele kama mtu anayeonyesha kwamba hakuficha kitu. Hiyo ndiyo *posizione anatomica*. Kila kivumishi cha mahali kinapimwa kutoka hapo, hata kama mgonjwa amelala au amejikunja kwa maumivu. Kichwa kiko juu ya shingo hata mtu akisimama kwa mikono.

Viganja ndivyo vinavyosahaulika. Vikitazama mbele, kidole gumba cha mkono kinakaa upande wa nje, mbali na mstari wa katikati ya mwili: kwa hiyo ni *laterale*. Lakini angalia miguuni: kidole kikubwa cha mguu, *alluce*, kiko upande wa ndani, ni *mediale*. Wanafunzi wengi huanguka hapa. Ndiyo maana kwenye mkono Waitaliano hupenda kusema *radiale* (upande wa gumba) na *ulnare* (upande wa kidole cha mwisho), maneno yanayofuata mifupa yenyewe na hayabadiliki hata mkono ukigeuzwa.

Kulia na kushoto, *destro* na *sinistro*, ni kwa mwenye mwili, si kwako unayemtazama. Kwenye picha za CT skeni mwili huonyeshwa kana kwamba unatazamwa kutokea nyayoni, hivyo ini la mgonjwa, lililo kulia kwake, litakuwa kushoto kwako kwenye kioo. Kwenye ripoti utaona vifupisho *dx* na *sx*. Na usishtuke ukisikia *sinistro stradale*: hapo ni nomino, maana yake ajali ya barabarani.

Hatua ya 2: Jozi sita, kwa kidole

Nyoosha kidole, gusa, sema kwa sauti. Mbele na nyuma ni *anteriore* na *posteriore*. Gusa kifua: *la parete anteriore del torace*. Gusa mgongo: *la parete posteriore*. Umio uko nyuma ya koo la hewa: *l'esofago è posteriore alla trachea*.

Juu na chini ni *superiore* na *inferiore*. Gusa mdomo wa juu, *labbro superiore*, kisha wa chini, *labbro inferiore*. Mikono na miguu kwa ujumla ni *gli arti superiori* na *gli arti inferiori*. Vena kubwa mbili zinazorudisha damu moyoni ni *vena cava superiore* na *vena cava inferiore*.

Karibu na mstari wa katikati na mbali nao ni *mediale* na *laterale*. Gusa vifundo vya mguu: kinundu cha ndani ni *malleolo mediale*, cha nje ni *malleolo laterale*. Goti lina gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, *menisco mediale* na *menisco laterale*.

*Prossimale* na *distale* ni za vitu vyenye shina: mikono, miguu, mishipa, mirija. Kilicho karibu na shina ni *prossimale*, kilicho mbali ni *distale*. Kiwiko ni *prossimale* ukikilinganisha na kifundo cha mkono, na hicho kifundo ni *distale*. Jozi hii haisemi juu wala chini, inasema karibu na mbali na chanzo. Mfupa mrefu hugawanywa sehemu tatu, na utazisikia kila siku kwenye wodi ya mifupa: *terzo prossimale, terzo medio, terzo distale*.

*Superficiale* na *profondo*: karibu na ngozi na mbali nayo. Mkononi kuna misuli miwili inayokunja vidole, mmoja juu ya mwingine: *flessore superficiale delle dita* na *flessore profondo delle dita*.

Ya sita, *interno* na *esterno*, ina historia kidogo. Maana yake hasa ni ndani na nje ya kitu chenye uwazi: *orecchio interno*, *orecchio esterno*. Lakini madaktari wa Kiitaliano wa mifupa bado wanasema *menisco interno* wakimaanisha *menisco mediale*, na *malleolo esterno* wakimaanisha *laterale*. Vitabu vya kisasa vimeachana na mtindo huo, midomo ya watu haijaachana nao. Wewe andika *mediale*, ila ukisikia *interno* kuhusu goti usitafute kitu ndani ya mfupa.

Na kuna mtego: *interiore* na *esteriore* yapo katika lugha, lakini hayafai hapa. *Vita interiore* ni maisha ya rohoni. *Le interiora* ni matumbo ya kwa mchinjaji. Niliwahi kuandika *la faccia interiore della coscia* katika zoezi, na mwalimu akaandika pembeni, "Na nafsi ya paja je?"

Hatua ya 3: Maneno manne yanayofanana kama mapacha

*Mediale, mediano, medio, intermedio.* Tulia hapa, kwa maana hata mwanafunzi mwenye Kiitaliano safi hujikwaa.

*Mediano* ni kilicho juu ya mstari wa katikati wenyewe, ule unaoupasua mwili kulia na kushoto. Pua na kitovu viko hapo: *in posizione mediana*. Kilichosogea kidogo pembeni ya mstari huo ni *paramediano*.

*Mediale* ni kinachoelekea mstari huo bila kuwa juu yake. Daima kuna mwenzake *laterale*. Huwezi kuwa na kitu *mediale* peke yake, kama huwezi kuwa na mdogo bila mkubwa.

*Medio* ni cha kati kati ya viwili vingine, hasa cha juu na cha chini, au cha nje na cha ndani. *Orecchio medio* liko kati ya *esterno* na *interno*. Pafu la kulia lina *lobo superiore, lobo medio, lobo inferiore*, na la kushoto halina *medio*. Kidole cha kati ni *dito medio*.

*Intermedio* ni cha kati kati ya *mediale* na *laterale*. Njia rahisi ya kulikumbuka ni paja lako: mitatu kati ya misuli ya mbele inaitwa *vasto mediale, vasto intermedio, vasto laterale*. Weka kiganja juu ya paja na kunja goti huku ukiyataja yote matatu, na hutalisahau tena.

Na ule mshipa wa fahamu unaoitwa *nervo mediano*? Hauko kwenye mstari wa katikati ya mwili. Uko mkononi, ukipita katikati ya mkono wenyewe. Majina ya zamani yana ukaidi wao, yakariri tu.

Hatua ya 4: Mkia wa neno

Hapa Mswahili ana bahati. Mwingereza anapoambiwa kwamba kivumishi hubadilika kufuata nomino, hulalamika. Sisi tumekua na *mkono mrefu, mikono mirefu, kidole kirefu*. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha kichwa cha neno, Waitaliano wanabadilisha mkia.

Kuna makundi mawili. Kundi la kwanza huishia na *-e*, na halijali jinsi ya nomino: *il nervo laterale, la parete laterale*. Wingi huishia *-i* kwa zote: *i nervi laterali, le pareti laterali*. Humu mmo *anteriore, posteriore, superiore, inferiore, mediale, laterale, prossimale, distale, superficiale, dorsale, ventrale* na wenzao wengi.

Kundi la pili lina mikia minne: *profondo, profonda, profondi, profonde*. Humu mmo *interno, esterno, destro, sinistro, medio, mediano, intermedio*.

Sasa soma maneno haya polepole: *le vene superficiali e profonde*. Vivumishi vyote viwili ni wingi, nomino ni ileile, ila kimoja kinaishia *-i* na kingine *-e*. Ukilielewa fungu hilo umeielewa sarufi yote ya somo hili. Likariri kama salamu.

Ugumu unaobaki uko kwenye nomino. Nyingi za mwilini huishia *-e* na hazikuonyeshi jinsi yao: *il rene* (figo) ni ya kiume, *la parete* (ukuta) ni ya kike, *il margine* (ukingo) ya kiume, *la radice* (mzizi) ya kike. Nyingine hufichwa na *l'*: *l'omero* (mfupa wa bega hadi kiwiko) ni ya kiume, *l'ulna* (mfupa wa upande wa kidole cha mwisho) ya kike. Dawa yangu ni hii: usiandike nomino peke yake kwenye daftari. Iandike na kivumishi cha kundi la pili, kwa kuwa hicho huifichua. *Rene destro. Parete interna. Margine esterno. Omero sinistro, ulna sinistra.*

*Mano* inaishia *-o* lakini ni ya kike: *la mano destra*. *Diaframma* inaishia *-a* lakini ni ya kiume. Na kuna kundi la vituko linalogeuka kuwa la kike kwenye wingi: *il braccio, le braccia; il dito, le dita; il labbro, le labbra; il ginocchio, le ginocchia; l'osso, le ossa*. Kwa hiyo *osso lungo* kwa umoja, *ossa lunghe* kwa wingi. Usiulize kwa nini, Mwitaliano mwenyewe atakuinulia mabega.

Neno moja la ziada la kuchekea: *il radio* ni mfupa wa mkono upande wa gumba. *La radio* ni redio. Nimesikia mwanafunzi akisema mgonjwa amevunjika *la radio*, na wodi nzima ikamwuliza ni ya betri au ya umeme.

Hatua ya 5: Kutamka

Mkazo wa vivumishi hivi hautakusumbua, kwa kuwa huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu: late-RA-le, anteri-O-re (si anterio-RE). Nomino ndizo zenye hila, nyingi huweka mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho: FE-gato (ini), STO-maco, MU-scolo, FE-more, SCA-pola. Herufi *c* mbele ya *e* au *i* ni *ch* yetu, na *sc* hapohapo ni *sh*: *sciatico* husomeka shatiko. *Ch* ya Kiitaliano ni *k*: *ginocchio* ni jinokkio, ukiikaza hiyo *k*.

Hatua ya 6: Kujenga sentensi

Kivumishi cha mahali hukaa baada ya nomino, kama kwetu. Vikiwa viwili, kinachotaja aina ya kitu hutangulia, cha mahali hufuata: *vena giugulare interna, arteria mesenterica superiore, legamento crociato anteriore*. Hilo la mwisho ndilo kano la goti linalowakatikia wacheza mpira, na magazeti ya michezo ya Italia huliita kifupi *il crociato*. Vinavyotangulia nomino ni vya ukubwa na vya kuhesabu: *grande pettorale, piccolo gluteo, quinto dito, quarta vertebra cervicale*. Na *medio gluteo* naye amejichomeka mbele, akiwafuata ndugu zake *grande* na *piccolo*.

Kulinganisha kunahitaji *a* au *rispetto a*, nayo *a* huungana na kibainishi: *al, allo, alla, all', ai, agli, alle*. Jaribu:

*La tibia è mediale rispetto al perone.*
*Il polso è distale rispetto al gomito.*
*Lo stomaco è inferiore al diaframma.*

Usiseme *più superiore*. *Superiore, inferiore, anteriore* na *posteriore* katika Kilatini tayari vilikuwa na maana ya "zaidi" ndani yake, kwa hiyo kuongeza *più* kwenye *superiore* ni kuvaa kofia juu ya kofia. *Più laterale* au *più profondo* haina shida.

Vitabu vya Kiitaliano hupenda vielezi. Kivumishi kinachoishia *-le* au *-re* hudondosha *e* na kupokea *-mente*: *lateralmente, anteriormente*. Cha kundi la pili hupitia umbo la kike: *internamente, profondamente*. Utakutana na maelezo ya namna hii: *Il rene destro è in rapporto anteriormente con il fegato e il duodeno, posteriormente con il diaframma e il muscolo psoas.* Yaani figo la kulia linapakana mbele na ini na duodeno, nyuma na diaframu na msuli wa psoas. Neno *rapporto* hapo si uhusiano wa kirafiki, ni kupakana, kama viwanja. Katika mtihani wa mdomo, na mitihani mingi ya Italia ni ya mdomo, profesa akisema *mi dica i rapporti del rene*, anataka umtajie majirani wa figo, mmoja mmoja, upande kwa upande.

Kuna pia familia ya *-stante*, kutoka kitenzi *stare*, kukaa: *sottostante* (kilicho chini yake), *soprastante* (kilicho juu yake), *circostante* (kinachozunguka). Kwenye kidonda utaandika *cute arrossata, tessuti circostanti nella norma*, yaani ngozi imekuwa nyekundu, tishu zinazoizunguka ziko sawa.

Hatua ya 7: Kuunganisha

Mahali pakiwa kona, Waitaliano hushona vivumishi viwili. Cha kwanza huishia *-o* na hakibadiliki kamwe. Mkia ni wa cha pili: *superficie anterolaterale, superfici anterolaterali*. *Anteriore* hukatwa kuwa *antero-*, *posteriore* kuwa *postero-*, *superiore* kuwa *supero-*, *inferiore* kuwa *infero-*. Titi hugawanywa robo nne, na anayefanya kazi kliniki ya wanawake lazima azijue: *quadrante supero-esterno, supero-interno, infero-esterno, infero-interno*.

Viambishi awali vinafanya kazi kubwa kuliko vinavyoonekana. *Sopra-* na *sotto-* ni juu na chini: misuli ya bega *sopraspinato* na *sottospinato* iko juu na chini ya mwiba wa bapa la bega. *Retro-* ni nyuma ya. *Peri-* ni kuzunguka. Lakini jozi ya kuogopa ni *inter-* na *intra-*: *intercostale* ni kati ya mbavu, *intramuscolare* ni ndani ya msuli. Kwa muuguzi hili si suala la sarufi. Sindano ni *sottocutanea, intramuscolare* au *endovenosa*, na kivumishi ndicho agizo.

Hatua ya 8: Chali, kifudifudi, na kisu cha muuza samaki

Kulala chali ni *supino*, kulala kifudifudi ni *prono*. Mgonjwa wa kike ni *supina, prona*. Ukichanganya, kumbuka mikono ya mtu anayeomba dua: viganja vinatazama juu, mikono iko katika *supinazione*. Kulala ubavu ni *decubito laterale*, na upande unaotajwa ni ule ulioulalia: *decubito laterale sinistro* ni kulalia ubavu wa kushoto.

Kuhusu kukata, nenda sokoni. Nguru anapokatwa vipande vya mviringo vya kukaanga, hiyo ni *sezione trasversale*, ambayo kwenye CT huitwa *assiale*. Samaki anapopasuliwa kwa urefu, kichwa hadi mkia, kufanywa ng'onda, kisu kimepita kwenye *piano sagittale*. Neno hilo linatoka *sagitta*, Kilatini cha mshale. Mkato wa tatu, *frontale* au *coronale*, hutenganisha mbele na nyuma ya mwili, kama mlango unaopita kutoka sikio hadi sikio.

Hatua ya 9: Soma ripoti kama daktari

Chukua mstari wa kawaida wa ripoti ya *risonanza magnetica* (MRI):

*Ernia discale paramediana sinistra L4-L5.*

Anza na nomino, *ernia*: ya kike, kwa hiyo mikia yote inafuata kike. *Discale*: ya diski. *Paramediana*: pembeni kidogo ya mstari wa katikati. *Sinistra*: kushoto kwa mgonjwa. Mwisho, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Umeshajua ni mguu upi huenda unamuuma kabla hujamwuliza.

Mwingine: *Lesione del corno posteriore del menisco mediale.* Soma kutoka mwisho: gegedu ya ndani ya goti, pembe yake ya nyuma, imechanika. Kiswahili nacho hupanga hivyo kwa *-a* unganifu, ndiyo maana tafsiri hutiririka: jeraha la pembe ya nyuma ya gegedu ya ndani.

Na huu: *Frattura dell'epifisi distale del radio, trattata con placca volare.* Ncha ya mbali ya *radio* imevunjika, ikatibiwa kwa bamba. *Volare* hapa si kuruka. Ni kivumishi, sawa na *palmare*, upande wa kiganja, na wingi wake ni *volari*. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ripoti imechapwa vibaya.

Zoezi langu lilikuwa kuchukua mstari mmoja kila asubuhi, kuutafsiri kwa Kiswahili kwenye karatasi, kisha jioni kuurudisha Kiitaliano bila kutazama asili. Mikia ya maneno ndiyo iliyonivua nguo kila jioni kwa majuma matatu, kisha ikaacha.

Hatua ya 10: Mnyama na mmea

Mbuzi akisimama, tumbo lake linatazama ardhi. *Anteriore* yake ni ipi, kichwa au tumbo? Kuepuka ugomvi, madaktari wa mifugo hutumia jozi nyingine: *craniale* (kuelekea kichwa) na *caudale* (kuelekea mkia), *dorsale* (mgongo) na *ventrale* (tumbo). Kichwani penyewe, kuelekea pua ni *rostrale*. *Vena cava superiore* ya mtu huitwa *vena cava craniale* kwa ng'ombe. Mguu wa mbele wa mbuzi usiuite *arto superiore*. Mfugaji wa kawaida atasema *zampa anteriore*, daktari *arto toracico*. Kwa samaki, mapezi ni *pinna dorsale, pinna caudale, pinna anale*, na mdomo unaofungukia chini, kama wa papa, ni *bocca infera*.

Hilo *infera* si kosa la chapa. Mbali na *superiore* na *inferiore* kuna *supero* na *infero*, vivumishi vya kundi la pili, vyenye mkazo silabi ya kwanza. Kwenye mimea ndiko vinakotawala. Jani lina *pagina superiore* na *pagina inferiore*, yaani Waitaliano wanaliona jani kama lina kurasa mbili. Lakini ukifika kwenye ua, ovari ni *supero* au *infero*, kutegemea kama imekaa juu ya sehemu nyingine za ua au chini yake.

Hili huhitaji maabara. Chukua nyanya: vile vijani vidogo vya kijani viko upande wa kikonyo, tunda limekua juu yake. *Ovario supero.* Chukua pera au komamanga: mabaki ya ua, lile taji dogo lililokauka, yako upande wa pili, mbali na kikonyo. Tunda limekua chini yake. *Ovario infero.* Na kwa Kiitaliano *pera* ni tunda jingine kabisa, la nchi za baridi. Nalo ukiligeuza utaona taji lake liko kulekule.